Neno Hili Umelitoa Wapi?

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, saiba za karibu na vyuo hapa Mombasa hujaa hadi usiku. Printa hazipoi na foleni ya kubaindi hutoka hadi nje. Mimi huwa nahariri kazi za wanafunzi, na katika majuma hayo ombi ninalolisikia kuliko yote halihusu tahajia wala sarufi. Wananiambia: "Mwalimu, nishushie asilimia." Programu ya chuo ya kukagua mfanano imetoa tarakimu kubwa, na mwanafunzi anataka maneno yageuzwegeuzwe mpaka tarakimu ishuke.

Safari hii alinijia binti mmoja anayekaa Tudor, yuko mwaka wa mwisho. Alishika kurasa 3 tu, pembe zimejikunja kwa kushikwashikwa. Kwenye ukurasa wa pili msimamizi wake alikuwa ameizungushia aya nzima wino mwekundu, na pambizoni akaandika maneno manne: "Neno hili umelitoa wapi?"

"Shikamoo Mwalimu. Ananiita mwizi," alisema, na macho yalionyesha amelia.

Niliisoma aya. Ilizungumzia kupungua kwa samaki katika maji ya karibu na ufuo. Ilikuwa na takwimu moja, hoja mbili nzito, na hapakuwa na jina la mtu wala la ripoti. Nikamwambia: mwanangu, hakukuita mwizi. Amekuuliza njia.

Binti huyu hakukusudia kuiba, na wenziwe wengi wanaonijia hawakukusudia pia. Shuleni tulipewa alama kwa kurudisha maneno ya kitabu kama yalivyo. Ukikariri ufafanuzi neno kwa neno, unapata vema. Kisha unaingia chuo kikuu, jambo lile lile linakufukuzisha, na katikati hapo hakuna aliyekuketisha akakueleza kilichobadilika. Naliona hilo kuwa dhuluma kwa vijana wetu, ndiyo maana naandika.

Tuanze na majina ya vitu. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo na kuyaweka ndani ya alama za mtajo. Kusema kwa maneno yako ni kulichukua wazo la mtu na kulieleza upya kwa sentensi uliyoijenga mwenyewe. Rejeleo ni ile alama fupi ndani ya aya inayosema wazo limetoka kwa nani, na orodha ya marejeleo ndiyo ile ya mwishoni inayotoa anwani kamili ya kila kazi uliyoitaja. Tanbihi ni maelezo yanayokaa chini ya ukurasa. Wizi wa kitaaluma ni kuwasilisha neno, wazo, mchoro au takwimu ya mwingine kana kwamba ni yako. Vyuo vingi huuhesabu hata pale ulipoteleza bila kukusudia.

Neno wanalotumia Wazungu kwa wizi huu, "plagiarism", lina asili inayomgusa mtu wa Pwani. Katika karne ya 1, mshairi wa Kirumi Martial alilalamika kwamba kuna mtu anasoma mashairi yake hadharani akijifanya ndiye aliyeyatunga. Akamwita "plagiarius", neno la Kilatini walilopewa watekaji, wale walioiba watu na kuwatia utumwani. Aliyaona mashairi yake kama watu wake waliochukuliwa.

Kwa aliyekalia mkeka wa madrasa, rejeleo si jambo geni. Chukua hadithi ya kwanza katika mkusanyiko wa Imam Bukhari, ile ya matendo na nia. Haianzi na maneno ya Mtume (S.A.W.). Inaanza na majina. Bukhari kaipokea kwa Al-Humaydi, naye kwa Sufyan, naye kwa Yahya bin Said, naye kwa Muhammad bin Ibrahim, naye kwa Alqama bin Waqqas, na Alqama kamsikia Umar bin Khattab akiitaja juu ya mimbari. Ndipo matini yenyewe inafuata. Mnyororo huo wa majina ni isnadi, na wanazuoni walilichunguza kila jina: huyu aliishi lini, je, kweli alikutana na huyo anayedai kumsikia, kumbukumbu yake ilikuwaje. Hadithi yenye pete iliyokatika kwenye mnyororo huhesabiwa dhaifu hata maneno yake yakiwa matamu. Bukhari alifariki mwaka 870. Kwa hivyo swali la yule msimamizi lina umri wa zaidi ya miaka 1,000 katika elimu tunayoijua sisi wenyewe.

Rejeleo ni isnadi fupi. Halikudai utaje watu sita. Linataka pete moja tu, yule uliyemsoma wewe mwenyewe, ili msomaji aende kwake na kuendelea nyuma akipenda.

Na ili aweze kwenda, lazima maelekezo yatoshe. Ukimwambia mgeni "nyumba yetu iko Mji wa Kale", hujamwelekeza. Atazunguka vichochoroni mpaka adhana ya magharibi. Mwambie ashike Ndia Kuu akitokea Fort Jesus, mtajie kichochoro, mtajie mlango wa mbao wenye misumari ya shaba, na atafika. Jina la mwandishi na mwaka ni mtaa na kichochoro. Nambari ya ukurasa ndiyo mlango. Anayeandika "kwa mujibu wa wataalamu" amesema nyumba iko Mji wa Kale.

Hapa ndipo mitindo ya kuandika marejeleo inapoingia, na wengi wanaiogopa bure. APA ilitokana na chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao kanuni zao za kwanza zilichapishwa mwaka 1929 zikiwa makala ya kurasa chache tu. MLA ni ya wanafasihi na wanalugha. Mwongozo wa Chicago ulitoka mara ya kwanza mwaka 1906, na wanahistoria wanaupenda. Tofauti zao zina sababu. Katika sayansi ya jamii takwimu huzeeka, kwa hiyo APA inautanguliza mwaka: (Fulani, 2015, uk. 42). Ubeti haukongi, msomaji wa fasihi anataka tu kuufikia, kwa hiyo MLA inatosheka na jina na ukurasa: (Fulani 42). Mwanahistoria ana barua, majalada ya serikali, hati za mahakama, vitu ambavyo haviingii ndani ya mabano bila kuisonga sentensi, ndiyo maana mtindo wa Chicago anaoutumia unaweka kinambari juu ya mstari na kuyapeleka maelezo chini kwenye tanbihi. Chuo kitakwambia utumie upi. Shika huo mmoja mwanzo hadi mwisho.

Sasa tuingie jikoni. Tuseme Fulani ameandika hivi katika ukurasa wa 42: "Ngome ya Fort Jesus iliwapa Wareno ulinzi wa bandari, lakini haikuwapa urafiki wa wenyeji, na ndiyo maana haikudumu mikononi mwao."

Mwanafunzi anayetaka kushusha asilimia ataandika: Boma la Fort Jesus liliwapatia Wareno hifadhi ya bandari, ila halikuwapatia usuhuba wa wakaazi, ndiyo sababu halikudumu mikononi mwao. Amebadilisha ngome kuwa boma, urafiki kuwa usuhuba, wenyeji kuwa wakaazi. Mifupa ya sentensi ni ile ile, mpangilio wa hoja ni ule ule, na jina la Fulani halipo. Hii ni kuipaka rangi mpya tuktuk ya wizi. Namba ya chesisi iko pale pale. Hata jina la Fulani lingekuwepo, sentensi hii bado ingekuwa na kasoro, kwa kuwa inaonyesha kana kwamba maneno ni yako ilhali ni yake yaliyovishwa kanzu nyingine.

Njia iliyonyooka ni hii: funga kitabu, jiulize Fulani anasema nini, kisha andika kama unayemweleza mwenzako pale kwenye kahawa. Itatoka hivi: Fulani (2015, uk. 42) anaona kwamba Wareno waliipoteza Mombasa kwa sababu watu wake hawakuwaunga mkono, hata kama kuta zilikuwa imara. Na hapo hapo unapata nafasi ya kusema lako: Hoja hii inasaidia kueleza kuanguka kwa ngome mikononi mwa Waomani mwaka 1698, lakini haigusi njaa na maradhi yaliyowamaliza waliozingirwa ndani tangu 1696.

Iangalie sentensi hiyo ya pili. Wapo wanaoamini kwamba kutaja watu wengi ni kukiri kuwa huna akili yako. Nimeona kinyume chake kila mara. Fulani alipotajwa kwa jina, msomaji alijua anakoishia Fulani na anakoanza mwanafunzi. Bila jina, sauti zote zimechanganyika kama redio mbili zilizofunguliwa chumba kimoja, na hata lile wazo zuri ulilolitoa mwenyewe mhadhiri atalishuku.

Liko kosa moja letu hasa sisi tunaoandika kwa Kiswahili, nalo halizungumzwi inavyostahili. Nadharia nyingi za fasihi na isimu tunazisoma kwa Kiingereza. Mwanafunzi anachukua aya 3, anazitafsiri vizuri kabisa, jasho linamtoka, na akimaliza anahisi aya ni zake. Programu ya mfanano inaweza isizinase, kwa sababu maneno hayafanani tena. Naielewa hisia hiyo, kwa sababu kutafsiri ni kazi nzito. Lakini aliyebeba gunia kutoka bandarini hadi Marikiti amelipwa ubebaji; viazi si vyake. Wazo lina mwenyewe hata likivuka lugha. Cha kufanya ni chepesi. Katika APA, tafsiri yako mwenyewe huhesabiwa sawa na kusema kwa maneno yako: huweki alama za mtajo, ila rejeleo lazima. Katika MLA unaweka alama za mtajo na kueleza kwamba tafsiri ni yako. Mstari mmoja tu, na jasho lako la kutafsiri linatambulika pia.

Si kila kitu kinahitaji rejeleo. Kwamba Mombasa ni kisiwa, kwamba Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, hayo yanajulikana na wote na yako kila mahali. Ukijiuliza kama msomaji wako angeweza kukuuliza "nani kasema?", na ukahisi angeweza, weka.

Kuna wanaosema kilicho kwenye intaneti ni cha wote. Hapa mambo mawili yanachanganywa. Hakimiliki ni sheria: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kutaja chanzo ni amana ya kitaaluma, na amana haina miaka. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mtunzi mkubwa wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840, hayana mrithi wa kukushtaki. Hata hivyo ukiweka ubeti wake katika kazi yako bila kumtaja, umemnyang'anya. Na upande wa pili, kumtaja mwandishi hakukupi ruhusa ya kutoa fotokopi kitabu chake kizima na kukiuza.

Muyaka huyo huyo anatufundisha jambo gumu kidogo. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua wa hapa Mombasa, naye mshairi, akayakusanya na kuyahifadhi. Mmishonari Mwingereza W. E. Taylor alifanya kazi naye, na maandishi yakaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani kutokana na hazina hiyo. Sasa mwanafunzi ananukuu ubeti mmoja. Ameusoma wapi? Kama ameusoma kwa Hichens, anamtaja Muyaka kama mtunzi na Hichens kama alikousoma. Asiandike kana kwamba ameshika hati za London mkononi. Vivyo hivyo ukikuta maneno ya mtaalamu ndani ya kitabu cha mtaalamu mwingine: sema "kama alivyonukuliwa na", na kwenye orodha uweke kile kitabu ulichokishika. Hii si adabu tupu. Katika safari ndefu kama hiyo neno linaweza kupotoshwa na mmoja wao, na msomaji ana haki ya kujua umesimama kwenye pete ipi.

Turudi kwenye asilimia. Programu kama Turnitin hulinganisha maandishi yako na yale iliyo nayo, kisha hukuonyesha yanapofanana. Haijui wizi ni nini. Inaweza kuhesabu nukuu ulizozitia alama ipasavyo, jina la chuo, hata orodha yako ya marejeleo, kama aliyeipanga hakuiambia iziache. Kwa hiyo kazi yenye 25 inaweza kuwa safi, na yenye 8 ikawa na ukurasa mzima ulionyakuliwa kwa mtu mmoja. Anayekuuzia huduma ya kushusha asilimia anakuuzia dawa ya kuvunja kipimajoto. Homa anakuachia.

Na sasa limekuja la akili mnemba. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, naletewa orodha za marejeleo zilizopangwa kwa usafi wa ajabu, zenye vitabu ambavyo havikuwahi kuandikwa. Programu hizi hutunga sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, na rejeleo kwao ni sentensi kama nyingine. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na kampuni yao, baada ya kupeleka mahakamani hoja zilizotegemea kesi 6 zilizobuniwa na ChatGPT. Mtu wa madrasa angesema isnadi ina mpokezi ambaye hakuzaliwa. Usiorodheshe kamwe kitu ambacho hukukifungua kwa macho yako. Makala nyingi za majarida zina DOI, yaani nambari ya kudumu ya kazi iliyoko mtandaoni; iandike kwenye kivinjari ikitanguliwa na https://doi.org/ uone inakufikisha wapi.

Majina yetu nayo huwatatiza wanafunzi. Mitindo hii inatanguliza jina la ukoo, lakini "bin Haji" inamtaja baba, kwa hiyo Muyaka hutafutwa kwenye herufi M, na ukimwita "Haji" umemtaja mzazi wake. Vyeo kama Sheikh, Profesa na Mwalimu haviingii ndani ya rejeleo. Naona uzito wetu wa kumwandika mzee bila cheo, lakini unaweza kumpa heshima yake ndani ya sentensi. Kisha kuna koo zenye waandishi wengi. Profesa Ali A. Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, na Alamin M. Mazrui wote wameandika sana, na mwaka 1995 walitoa kitabu pamoja. Rejeleo la "Mazrui" peke yake linamwacha msomaji mlangoni hajui abishe nyumba ipi. APA inataka herufi za mwanzo zitangulie, A. A. Mazrui au A. M. Mazrui, kila unapowataja.

Na mzee uliyeketi naye barazani akakusimulia? Naye ni chanzo. Katika APA, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyafikia hutajwa ndani ya matini tu, kwa jina na tarehe, bila kuingia kwenye orodha; MLA inayaorodhesha. Wale uliowahoji kama sehemu ya utafiti wako wana utaratibu mwingine: unawaeleza katika sura ya mbinu na unalinda majina yao kama mlivyoahidiana.

Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa kazi, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na daftari la mistari nililonakilia kila nilichosoma, wino mmoja, mwandiko mmoja, bila alama za mtajo wala ukurasa. Miezi 5 baadaye sikuweza kutofautisha sentensi yangu na ya kitabu. Nilirudi maktaba majuma mawili nikitafuta kurasa, na sentensi 2 sikuzipata kabisa, ikabidi nizifute ingawa nilizipenda. Tangu hapo maneno ya watu nayaandika kwa kalamu nyekundu na nambari ya ukurasa papo hapo, yangu kwa buluu. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Zotero, programu ya bure inayotunza vyanzo na kuipanga orodha kwa mtindo unaoutaka, ila majina yetu yakague mwenyewe.

Binti wa Tudor alirudi baada ya siku 9. Alikuwa ameitafuta ile takwimu ya samaki, akaipata ndani ya ripoti, na ripoti ikamwonyesha kwamba imeichukua kwenye ripoti nyingine ya nyuma zaidi. Akaifuata na hiyo. Tarakimu ilikuwa ile ile, lakini ilihusu kijiji kimoja, naye alikuwa ameiandika kama ya Pwani nzima. Aliketi kwenye kiti cha plastiki pale nje ya saiba, kurasa 3 mapajani, akaikata aya yote kwa kalamu na kuanza kuiandika upya.